Maziwa Anakunywa Nani? Kumuaga Mzee Marcelo Mhoja

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mzee Marcelo Mhoja anakabidhi funguo za pikipiki, sanduku la sindano na kile kiti cha mbao alichokataa kubadilishiwa, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika idara ya mifugo. Alipoajiriwa, Bariadi ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu umezaliwa yeye akiwa kazini, na hupenda kutamba kwamba ndiye aliyeupiga chanjo ya kwanza.

Kituo chake cha mwanzo kilikuwa Dutwa, na usafiri wake ulikuwa baiskeli. Hakugusa ng'ombe wa mtu kabla ya kumaliza salamu, na salamu za kwetu Usukumani hazina haraka: mwangaluka ya asubuhi, kisha watoto, kisha mvua, kisha ng'ombe mmoja mmoja. Mabosi walilalamika kwamba anachelewa. Wafugaji hawakulalamika, na ng'ombe walichanjwa wote, hata wale ambao kwa kawaida hufichwa porini afisa akionekana.

Siku moja mnadani dume lilikata kamba, Mzee Mhoja akajikuta juu ya lori la pamba. Dume lilizunguka chini likimsubiri. Yeye alikaa juu ya marobota, akaomba arushiwe kitabu cha vibali, akaendelea kuandika vibali huku wauzaji wakimpigia kelele majina ya ng'ombe wao kutoka mbali. Watu wa Dutwa bado wanaisimulia habari hiyo, na kila mwaka lile dume linazidi kuwa kubwa.

Lakini anayemfahamu kweli anajua kwamba kazi yake kubwa ilikuwa kuuliza bei. Sisemi bei iliyoandikwa kwenye karatasi, maana hiyo kila mtu anaiona. Dawa ya kuogeshea ikiletwa, wengine tuliangalia bei ya chupa. Yeye alipiga hesabu ya kila ng'ombe aliyetoka joshoni akiwa hana kupe. Chupa rahisi mara nyingi ilikuwa ghali, na alilisema hilo mbele ya muuzaji bila aibu. Hata kwa mama ntilie alikuwa akiuliza kama bei ya ugali imehesabu mboga ya kuongeza. Kula naye mchana kulihitaji uvumilivu.

Ndiyo maana tulipoanzisha kikundi chetu cha akiba cha watumishi, hatukuhangaika kutafuta mwenyekiti. Mimi nilipewa ukatibu, yaani nilipewa kazi ya kumsikiliza.

Karibu miaka miwili iliyopita vijana wa ofisini walileta habari za ETF, ule mfuko unaokusanya hisa za kampuni nyingi, halafu vipande vyake vinanunuliwa na kuuzwa kwenye soko la hisa kama hisa yoyote. Wengi tulipokea habari hizo kwa kutikisa kichwa kwa heshima, bila kuelewa kitu. Mzee Mhoja alisimama akauliza swali ambalo sasa limekuwa msemo wetu: "Maziwa anakunywa nani?"

Kila mtu wa huku alielewa papo hapo. Mwenye ng'ombe wengi huweka baadhi yao kwa jirani au rafiki amtunzie, jambo tunaloliita kubilisa. Mwenye mali hubaki na ng'ombe, na mtunzaji hunywa maziwa, kwa sababu hakuna anayechunga bure. Mfuko nao, alisema, una mchungaji wake, na ada yake ni hayo maziwa. Hatumkatazi kunywa, lakini lazima tujue anakunywa kikombe au anakamua mpaka ndama anakosa.

Basi akaanza uchunguzi wake. Alisoma nyaraka za mifuko akiwa amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Alipiga simu Dar es Salaam mpaka wakamjua sauti. Mwisho alibakiza mifuko miwili, akaipa majina ya ng'ombe ili tusichanganyikiwe: Baka na Mwekundu. Ilikuwa na hisa zinazokaribiana. Ada ya mwaka ya Mwekundu ilikuwa ndogo kuliko ya Baka, na alituonyesha jinsi tofauti hiyo ndogo inavyoota pembe ikiachwa miaka mingi. Tukapiga kura, Mwekundu akapita, tukapiga na makofi.

Miongoni mwa waliopiga makofi kwa nguvu zaidi alikuwemo Apolonia Masele, mhudumu wetu wa ofisi, anayetupikia chai na kufungua milango kabla hatujaamka. Marehemu mumewe alipougua, ng'ombe wote waliuzwa. Apolonia alijiunga na kikundi kwa lengo moja ambalo hakulificha: siku moja anunue mtamba, wajukuu wake pale Dutwa wanywe maziwa yasiyotoka dukani. Mchango wake ulikuwa mdogo kuliko wa mtu yeyote kati yetu, na haukuwahi kuchelewa.

Miezi ikapita. Akiba za sisi wenye mishahara ya kueleweka zilikwenda vizuri. Asubuhi moja Apolonia akaja mezani kwangu akaniambia anajitoa. "Hela yangu inakonda, mwanangu," alisema. "Ningeiweka kwenye kibubu ingekuwa nzima."

Nilidhani hajaelewa tu, nikampeleka kwa mwenyekiti amweleze. Mzee Mhoja alianza kueleza, akafika katikati, akayaacha maelezo. Aliomba taarifa ya akiba ya Apolonia, akaiweka kando ya ya kwake, akavaa miwani yake miwili. Sijawahi kumwona mtu akikunja uso namna ile kwa ajili ya fedha isiyo yake.

Kosa lilikuwa hili. Kila mmoja wetu alikuwa ananunua vipande vyake peke yake, kila mwezi, kupitia dalali wa hisa. Kamisheni ya dalali tuliyemtumia ilikuwa na kiwango cha chini, na hata ukinunua kidogo namna gani, haishuki hapo. Ongeza makato ya kutuma kwa simu. Mzee Mhoja alikuwa amelinganisha ada ya mwaka ya mifuko kwa umakini wote, lakini alipohesabu gharama ya kununua alitumia mchango wake mwenyewe, ambapo kamisheni ilikuwa kitu cha kupuuza. Kwa Apolonia ilimeza sehemu kubwa ya kila alicholeta. Haba na haba ilikuwa inajaza kibaba cha dalali.

Wengine tungelaumu mtandao. Tungesema soko lilishuka, au tungeunda kamati. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na Mzee Mhoja aliitisha kikao wiki ile ile, akasimama, akasema: "Nimekosea. Nilipima maziwa kwa kibuyu changu, nikasahau kwamba si wote wenye kibuyu kama hicho." Nilijisikia vibaya kwa niaba yake, na nilimheshimu kuliko siku zote nilizofanya naye kazi.

Alikuja na dawa pia. Ukikodi Fuso kupeleka mbuzi mmoja mnadani Maswa, alisema, mbuzi huyo analipa gari zima. Mkijaza mbuzi wa kijiji kizima, nauli inagawanyika mpaka haiumi. Tangu siku hiyo tunaweka michango kwenye akaunti moja ya kikundi, tunanunua mara moja kila robo mwaka, kisha kila mtu anaandikiwa vipande vyake kulingana na alichotoa. Kamisheni moja, inagawanywa kwa uwiano. Mwekundu hatukumbadilisha, maana yeye hakuwa na kosa.

Apolonia alisikiliza yote, akasema ameelewa, lakini hatarudi kwanza. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mzee Mhoja hakumbembeleza. Alimsalimia kila asubuhi kama kawaida, "Mwangaluka, mayu," yaani mama, naye aliitika kwa adabu zote. Ila chai ya mwenyekiti, ambayo zamani ilikuwa ya kwanza kufika, ikawa ya mwisho, ya rangi, na imepoa. Aliinywa hivyo hivyo, mwezi baada ya mwezi. Nilipomwambia adai chai ya moto kama wengine, alinijibu kwamba hiyo ndiyo ada yake na wala haioni kubwa. Alitabasamu, lakini ilimuuma. Mwaka mzima uliofuata sikumsikia akijisifu kwa hesabu yoyote.

Mwaka huu kamati ya kumuaga ilimwuliza anataka zawadi gani. Tulitegemea aseme makochi au friji. Akasema mtamba mwenye mimba. Tulikwenda mnadani kumnunua na tukamkataza mzee asifike, akafika, akidai anapita tu, akafungua kinywa cha ng'ombe na kuhesabu meno.

Sasa, Mzee Mhoja anahamia Binza, Maswa, ambako mkewe Benedikta ana duka na uani panatosha kuku. Huyo mtamba atakaa wapi? Nilikuwepo alipomfuata Apolonia kwenye korido na kumwomba amtunzie. Alisema wazi kwamba hiyo si zawadi. Ni kubilisa: yeye ana ng'ombe na hana mahali, Apolonia ana mahali na hana ng'ombe.

Mimi machozi yalikuwa yameshanilenga. Apolonia hakulia. Aliweka ndoo chini, akauliza chanjo analipa nani. Kisha akauliza dawa ya kupe, na daktari akiitwa usiku, na ng'ombe akifa kwa bahati mbaya, na ndama wa ngapi atakuwa wa mtunzaji. Mzee akajibu kwamba kwa desturi ni wa tatu. Apolonia akaokota ndoo yake: "Ngoja kwanza nikaulize kwa wengine."

Na kweli alikwenda. Alipita kwa wafugaji wawili wa Dutwa wanaoweka ng'ombe kwa watu, akauliza masharti ya kila mmoja, akayalinganisha. Siku zote hizo Mzee Mhoja alizunguka ofisini kama kijana aliyepeleka barua ya posa. Apolonia aliporudi alisema mtamba wa uzazi wa kwanza hutoa maziwa machache, kwa hiyo mtunzaji anapunjika mwanzoni. Anataka ndama wa pili, na chanjo zote juu ya mwenye mali. Mzee alijaribu kushindana. Akashindwa. Nimefanya naye kazi miaka mingi na sijamwona akifurahi namna ile, hata siku ya harusi ya binti yake.

Mchana ule ule Apolonia alikuja mezani kwangu na mchango wake. Alitaka kujua jambo moja tu kabla hajautoa: kama bado tunanunua kwa pamoja. Nilimwambia ndiyo, akaniomba nimwonyeshe, nikamwonyesha. Kesho yake chai ya mwenyekiti ilifika ya kwanza, ikitoa mvuke.

Mzee Mhoja, kwa niaba ya idara na kikundi, wabeja sana. Umetuachia ng'ombe wenye afya, akiba inayokua, na tabia ya kuuliza ambayo wauzaji wa Bariadi hawatakusamehe. Tunakutakia maisha mema huko Binza, wewe na mama Benedikta, na usimchoshe kwa kuuliza bei dukani kwake mwenyewe. Mtamba atazaa kabla ya mvua. Ukija kumwona, pitia ofisini: Apolonia amesema chai yako siku hiyo itakuwa ya maziwa.

Elina Kija
Katibu wa kikundi cha akiba cha watumishi