Alhamisi Ishirini na Tisa za Rispah Kavenya

Marehemu Rispah Kavenya Muasya, dada yangu mkubwa, alizaliwa tarehe 3 Juni 1941 huko Mbooni, mtoto wa kwanza wa Mzee Ndambuki na Mama Syovata. Alisoma hadi darasa la nane. Mwaka 1961 aliolewa na Bwana Muasya Ndulu, wakahamia Kikoneni na kufyeka shamba. Bwana Muasya alitutangulia mwaka 1987.

Kuanzia 1968 hadi 1996 alifundisha ngumbaru, watu wazima wasiojua kusoma. Vitabu vyake aliviazimisha bure, na beseni la maji lilikaa mlangoni. "Nionyeshe mikono," alimwambia kila aliyebisha hodi, hata mchungaji. Bi Mwanafatuma wa Gazi, aliyekuwa ametoka kupaa samaki, alirudishwa kwenye beseni mara tatu, wakacheka mpaka wakakaa chini.

Aprili mwaka huu ukaletwa hapa mtambo wa maktaba ya taifa: kompyuta yenye vitabu elfu mbili, visomwe bure na kila mwananchi. Orodha ilibandikwa ukutani. Nambari 614 ilikuwa kitabu cha kisukari, kwa Kiswahili. Dada alikuwa na kisukari tangu 1994, na mguuni alikuwa na kidonda. Alinawa mikono, akaenda.

Msimamizi wake alikuwa ameufunika mtambo kwa kitambaa cha kufuma na kutia kufuli mlango wa chumba. "Mama, hiki si kitu cha kushikwashikwa. Kitachafuka. Rudi Alhamisi." Zilipita Alhamisi ishirini na tisa. Alikwenda zote, akichechemea, mikono imetakata. Sisi jamaa zake tukamshauri aloweke mguu katika maji moto ya chumvi kila jioni, naye akatii. Kidonda kilioza. Aliaga dunia Jumanne, tarehe 9 Novemba 1999.

Juzi msimamizi huyo, aliyeketi nasi leo chini ya hema, alinipa ufunguo kwa huruma ili nichape karatasi hii mliyoishika. Jamani! Alipokuwa hai alinyimwa, amekuwa maiti ndipo amefunguliwa! Nilinawa, nikafungua nambari 614. Ukurasa wa tisa unasema mgonjwa wa kisukari asiloweke mguu wenye kidonda katika maji moto, kwa kuwa hausikii unapoungua. Nasi tulimchemshia wenyewe! Najichukia. Lakini yule bwana ananitia kinyaa, maana aliniomba niandike kwamba marehemu "alinufaika na mtambo." Ptu! Siandiki.

Ameacha watoto watatu, Ndambuki, Syovata na Kavumbi, wajukuu saba, mimi mdogo wake Mwendwa, na rafiki yake Bi Mwanafatuma. Ameacha pia lile beseni. Nimelipeleka kwenye mlango wa chumba cha mtambo. Ufunguo ninao mfukoni na siurudishi. Kuanzia Jumatatu asubuhi njooni msome, mwenye kisukari atangulie.

Pumzika, dada. Kufuli nimeling'oa.