Kitanda Nilichokifunga Bila Fyuzi

Ndugu zangu wa jumuiya, mnisamehe, nitaongea nimekaa. Mgongo umegoma, na hata ulimi wenyewe leo umechoka. Lakini mama mwenye nyumba hii amenikazania niseme yaliyonipata. Haya, nisikilizeni.

Wengi mnanijua, fundi redio wa Nyakato. Wa umri wangu mnaikumbuka ile miaka ya foleni. Sabuni ya kugawana, betri za redio tunaanika juani zipate nguvu kidogo. Fyuzi ikiungua utaitoa wapi? Tulikuwaga tunachukua ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara, tunaviringisha, tunapachika. Redio inaongea! Swichi ikifa, unairuka, unaunga waya moja kwa moja. Tuliita kupiga dairekti. Nawaambia, dairekti ndiyo ilinilisha.

Baadaye mke wangu akaugua moyo. Akilala chali anakosa pumzi, na miguu haina nguvu. Mimi ndiye nilikuwa namwinua: akitaka kula, akitaka kusali, akitaka tu kutazama watu wanaopita. Mwaka wa kwanza, wa pili. Siku moja namwinua hivi, mgongo ukanikatika, nikakaa chini nisiweze kusimama. Tukabaki tunatazamana, yeye kitandani, mimi sakafuni. Yeye alicheka. Mimi sikucheka.

Wakati huo biashara zilikuwa zimefunguliwa, na wenye uwezo walianza kuweka yale madishi makubwa ya televisheni. Kuna mtu wa Bunda dishi lake lilivunjwa na upepo, akanipa ule mkono wa umeme uliokuwa unalizungusha. Ni mota yenye fimbo ya chuma inayotoka na kurudi kama pampu ya baiskeli. Waya ni mbili tu. Unga betri ya gari, fimbo inatoka. Geuza chanya na hasi, inarudi. Nikasema, huu utaniinulia mke wangu. Nikakata kitanda, nikatia bawaba kwenye ubao wa mgongoni, mota nikaifunga chini yake.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Ndani ya ile mota kuna viswichi viwili vya kukata umeme fimbo inapofika mwisho. Kimoja kilikuwa kibovu. Na waya wa betri unataka fyuzi. Jamani, duka la vipuri lilikuwa mtaa wa pili! Fyuzi zimejaa kwenye kopo! Lakini vidole vilishazoea. Nikapiga dairekti, nikapachika karatasi ya sigara, nikajisifu.

Nikabonyeza swichi. Ubao ukapanda taratibu, mke wangu akakaa, akapiga vigelegele. Nikaachia swichi. Ubao ukaendelea kupanda. Swichi ilikuwa imeungua na kuganda ndani, na hakuna kitu kingine cha kukata umeme. Nikaurukia waya, wa moto, nikauvuta hivyo hivyo mpaka ngozi ikabaki juu yake. Nilichelewa. Bawaba ziling'oka, mke wangu akaanguka kifudifudi sakafuni, akavunjika mkono.

Shemeji yangu, kaka yake, akaja kutoka Suguti. Hakupiga kelele, na bora angepiga. Alisema tu, "Shemeji, plasta ikitolewa nakuja kumchukua dada yangu. Kwetu wapo watu wa kumwinua." Nikafunga kibanda changu cha redio, nikawa mtu wa kunywa gongo tangu asubuhi. Mke wangu analala mkekani, ameegemezwa magunia. Mlionikuta nimelala njiani mkanipita, siwalaumu.

Siku moja alasiri narudi, nakuta ana mgeni. Ni dada mmoja wa humu humu jumuiyani, alikuwa fundi umeme kiwandani kabla hakijafungwa. Mke wangu akasema, "Baba watoto, mimi kitanda sikiogopi. Naogopa kwenda kuinuliwa na watu mpaka nife. Nimemwita huyu."

Yule dada akainama chini ya kitanda, akachomoa ile karatasi, akaniwekea kiganjani.

"Kaka, hii ya nini? Fyuzi si zipo?"

Nikaanza kumweleza ya miaka ile, ya foleni.

"Ile miaka ilikwisha," akasema. "Na mgonjwa siyo redio."

Nililia, ndugu zangu. Nililia mbele ya wanawake wawili, mtu mzima na mvi zangu.

Tukafunga upya: viswichi vizima, fyuzi ya dukani, na swichi nzito inayojirudi yenyewe ukiiachia. Gongo sikuiacha siku ile, nisiwadanganye. Niliacha kwa kuteleza na kuanza tena. Mke wangu akadai jambo moja, swichi ikae kwake. Nikabisha.

"Wewe zamu yako ulishabonyeza," akanijibu.

Plasta ikatolewa, shemeji akaja na gari la kukodi. Mke wangu amelala kitandani pake. Akabonyeza, ubao ukapanda. Akaachia, ukasimama. Akabonyeza tena, akashikilia makusudi mpaka mwisho, na umeme ukajikata wenyewe. Mimi jasho linanitoka. Akiwa amekaa wima, akamtazama kaka yake usoni.

"Kaka, mwambie mama nimebaki kwangu."

Shemeji alitoka akamruhusu dereva aende, akarudi ndani kunywa chai.

Namshukuru yule dada. Simtaji, na ameshainamisha kichwa. Namshukuru shemeji. Nawashukuru nyie mlioleta uji bila kuniuliza maswali. Funzo langu ni dogo. Yale tuliyoyafanya kwa shida yalitusaidia, siyakani. Ila shida ikipita tuyatazame upya. Mimi shida ilikwisha nikabaki na kiburi, nikamlaza mke wangu juu yake.

Sasa niruhusuni niende. Zamani ningesema nawahi kumwinua. Siku hizi nikichelewa namkuta ameshakaa, anatazama mlango, na maneno yake ameyapanga.