Alama ya Kutoa Mbele ya Mganga

Kwenye basi la kutoka Kahama, mbele yangu walikaa Esta na mumewe Marselino, mchimbaji anayekohoa tangu mwezi wa tano kwa vumbi la mawe. Upande wa pili alikaa Zeeshan, muuza simu.

"Kaka, tangu nitafute dawa ya kikohozi kwenye simu, waganga hawaniachi," Esta alimwambia. "Hata nikisoma habari za mpira, wapo."

Zeeshan alicheka kwa dharau. "Si unabonyeza 'Nakubali' kila mahali, dada? Unaruhusu vidakuzi. Ni kumbukumbu ndogo zinazobaki kwenye simu, wenye matangazo wanakufuata nazo. Vifute. Ukitafuta tena, andika kikohozi, halafu alama ya kutoa, uigandishe na neno mganga. Majibu ya waganga yatapungua."

"Usifute!" Marselino alidakia. "Yule mganga wa tangazo la chupa ya kijani nimeshaongea naye. Amesema hospitali wataniua."

"Amekuona wapi, Baba Ndaki?" Esta alimuuliza mumewe. " Amekuja kwa sababu mimi nilitafuta dawa. Ningetafuta mbuzi, wangekuja wauza mbuzi."

Marselino alitaka kujibu, kikohozi kikamkatiza.

Esta alifuta. Zeeshan akamsifu, sifa ambayo hakuna aliyeiomba.

"Kwenye simu ni rahisi," Esta alisema, akimtazama mumewe. "Huyu nimbonyeze wapi?"

Basi lilisimama Kolandoto, kituo cha hospitali. Esta alishuka na begi la mumewe, akamsubiri mlangoni. Marselino alikuwa bado ameshikilia kiti, na kondakta ameshaanza kugonga bodi ili basi liondoke.