Jezi Kumi na Moja za Babu Mkasi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja. Leo tunamkumbuka mchezaji wa zamani wa mpira wa miguu, aliyetutoka Alhamisi iliyopita akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Wenzake walimwita Mkasi, kwa jinsi miguu yake ilivyopishana mbele ya beki. Wajukuu walimwita Babu. Nakiri mapema: nimezungumza na jamaa zake siku mbili nzima, na bado kuna jambo sijalielewa.

Babu Mkasi alicheza winga ya kushoto katika timu ya karakana ya reli. Winga ya kushoto, miaka tisa. Alipoacha mpira alitengeneza baiskeli, na inasemekana alizijaribu zote kwa kupita karibu mno na watu.

Miaka minne ya mwisho kumbukumbu ilimponyoka. Majina yalitangulia kuondoka, namba zikabaki. Mwanawe mkubwa, aliyefika mara moja kwa mwezi na mfuko wa machungwa, alipokewa kwa makofi: "Namba tisa huyo!" Mjukuu wake wa kike, fundi cherehani aliyehamishia kazi yake chumbani kwa mzee ili amuuguze, alikuwa "Kumi na mbili". Yaani mchezaji wa akiba.

"Zamani aliniita mchumba," mjukuu aliniambia, akikata uzi kwa meno. "Nilimwogesha mimi, nilimlisha mimi. Halafu mimi ndiye wa benchi?"

Mjomba wake, namba tisa mwenyewe, alikuwapo. "Vumilia, mwanangu. Akiba haiozi."

"Na wewe, Mjomba, ulifunga goli lini? Ulikuja, ukala machungwa yako mwenyewe, ukaondoka!"

Mjomba alicheka, kisha akatazama viatu vyake.

Swali la mjukuu ni moja tu: je, Babu alimjua?

Alhamisi ile, mchana, Babu alivua sweta lake la kijivu akamnyooshea mjukuu. "Kumi na mbili, ingia." Chumba kilikuwa na baridi. Mjukuu alidhani mzee amechanganyikiwa, akamvika tena. Babu akalivua. Akamvika. Mara tatu, wasikilizaji wapendwa, mara tatu. Mara ya tatu mzee alicheka kidogo, akageukia ukutani, akalala. Hakuamka.

Msibani alifika kinyozi mmoja mzee, aliyekuwa kipa wa timu ile. Mjukuu alimuuliza kuhusu namba kumi na mbili.

"Jezi hiyo haikuwepo," kinyozi alijibu. "Tulikuwa na jezi kumi na moja tu, mjukuu wangu. Anayeingia alivaa ya anayetoka, na jasho lake."

"Na Babu alikuwa akimpa nani ya kwake?"

"Nani, Mkasi? Ampe mtu? Kocha akimwita atoke, anajifanya kiziwi! Miaka tisa hakuivua jezi ile kabla ya filimbi ya mwisho."

Mjukuu aliketi chini, pale pale alipokuwa amesimama.

Hapo ndipo ninapokwama. Pengine Babu alimjua kabisa. Pengine alimwona kijana fulani kando ya uwanja, ambaye yeye Babu alimnyima nafasi miaka sitini iliyopita, akamwomba radhi mtu asiyehusika. Nimezoea kupima ushahidi. Huu nimeupima, na mizani haikuinama.

Kwa watoto wa marehemu, wajukuu, na kinyozi aliyebaki peke yake katika kikosi kile, tunasema poleni sana. Nawe msikilizaji, mkono wa mzee ukikunyooshea kitu, kipokee kwanza. Kuelewa kutafuata, au hakutafuata.

Jana nilipokwenda kuaga, sweta lilikuwa mezani, kando ya cherehani.

"Nilipunguze?" mjukuu aliniuliza. "Mikono ni mirefu kwangu."

Alilitazama, akalivaa hivyo hivyo, akaikunja mikono mpaka kwenye viwiko, akaendelea kushona.