Mama Taratibu Anastaafu Bila Punje Mfukoni

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuongoza wageni kwa miguu ndani ya korongo letu, Mama Taratibu anastaafu rasmi leo, tarehe thelathini. Ofisi iliniomba mimi wa dirisha la tiketi niandike wasifu huu wa kusomwa kwenye sherehe yake kwa lugha ya upole, maana Meneja naye atakuwepo. Upole nimeutafuta, jamani, nimeukosa.

Jina la Taratibu alipewa na wageni wake. Alianza kazi akiwa msichana mwembamba, sare ikimpwaya, na kila mgeni aliyetaka kukimbilia mbele alimrudisha nyuma kwa neno hilo moja. Matembezi yake ni ya siku nzima. Mnaingia asubuhi pale mto unapopenya kati ya majabali mawili, mnatoka jioni upande wa pili, magoti yakilalamika. Wenye haraka zao aliwaelekeza getini wakaangalie picha zilizobandikwa ukutani.

Lakini kilichomfanya ajulikane ni mifuko. Katikati ya njia kuna uwazi chini ya jabali, na hapo ndipo kila mtu hula alichobeba, kabla ya kufika kwa wanyama. Mkishakula, anawataka mkung'ute nguo, mnawe mikono mtoni, kisha mpindue mifuko yote nje, ining'inie kama masikio ya mbuzi. Hapiti mtu na punje. Aliwahi kumpekua mgeni wa heshima aliyekuja na walinzi wake, akamtolea karanga kwenye koti, akazitafuna mwenyewe palepale huku akimshukuru kwa ukarimu. Shemeji yetu, yaani mumewe fundi seremala, analalamika kwamba hata nyumbani anapekuliwa mlangoni kama mwizi.

Walioucheka utaratibu huo waliacha kucheka walipofika kwenye majabali ya juu. Pimbi wanaota jua na hawahami. Unapita, wanakutazama, mmoja anakuja kunusa kamba za viatu vyako. Mbuzi mawe, yule swala mdogo wa kwenye miamba, anasimama na mtoto wake hatua chache tu kutoka ulipo. Nyani wanavuka njia na watoto mgongoni, na hakuna hata mmoja anayeliangalia begi lako. Wanyama hawa hawajafugwa na mtu. Wamezoea tu binadamu wasio na cha kuwapa wala cha kuwarushia, na mazoea hayo yamejengwa na mwanamke mmoja mbishi.

Mbishi, nasema, na naomba neno hilo lisifutwe. Miaka minne iliyopita Meneja wetu alikuja na wazo kwamba siku nzima ni ndefu mno. Wageni watembee saa moja tu, waongozaji wabebe mahindi, wanyama wamwagiwe, kila mtu apate picha yake aondoke. Kila mwongozaji akapewa mfuko wake. Mama Taratibu aliurudisha wa kwake mezani kwa Meneja, akamwambia kwamba yeye ameajiriwa kuongoza wageni, kuku wa kulisha anao nyumbani. Kesho yake akahamishiwa chumba cha kufulia, akafue mashuka ya nyumba ya wageni.

Alifua, tena vizuri, huku akiimba kwa sauti hadi watu wa ofisini wakawa hawasikilizani kwenye simu. Huko korongoni mahindi nayo yalikuwa yanafanya kazi yake. Nyani waliacha kuhangaika na matunda ya porini, wakakaa njiani kusubiri wageni. Walianza kwa kuomba, wakaja kudai, mwishowe dume mmoja mkubwa akamng'ata mgeni mkono wakigombea begi. Ofisi ikaamua kundi zima lipigwe risasi. Askari wa wanyama akakabidhiwa bunduki, na habari zilipofika kufulia, Mama Taratibu akaacha mashuka ndani ya beseni.

Hakuomba ruhusa ya mtu. Alikwenda akaketi katikati ya njia, mikono mitupu juu ya magoti, mifuko imepinduliwa. Askari alipofika, Mama alimwambia kwamba akitaka kuua nyani itabidi kwanza amhamishe yeye, na yeye hahami. Askari huyo, ambaye leo ndiye mshereheshaji wetu, anakiri kwamba aliketi naye chini kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Nyani wakaja. Walimpekua, wakamvuta kilemba, dume akamwonyesha meno karibu kabisa na uso. Askari anasema aliyaona magoti ya Mama yakigongana kwa woga. Hakukimbia, na hakutoa kitu. Alirudi kesho yake, na keshokutwa, kiangazi chote, mpaka nyani wakachoka na mtu asiye na faida, wakarudia matunda yao. Hakuna aliyepigwa risasi. Matembezi ya siku nzima yakarudishwa kimyakimya, naye akarudishwa kuongoza, pamoja na onyo kali kwa kuacha kazi ya kufua. Cheti cha pongezi hajapewa mpaka leo, kwa hiyo sisi wenzake tunampongeza hapa, kwa maandishi makubwa.

Sasa niseme kinachotuuma. Wiki iliyopita, hata sare hajakabidhi, magunia ya mahindi yaliletwa tena stoo. Tukaelezwa kwamba kuanzia Jumatatu, mkaidi akiwa ameshaondoka, mpango wa saa moja unaanza upya. Aliposikia alilia, pale kwenye benchi tunapobadilishia viatu, na hatukuwa tumewahi kumwona akilia. Alisema atakuwa anakaa nyumbani akisubiri kusikia mlio wa bunduki.

Mama, hutausikia. Waongozaji wote wamekubaliana, na mimi wa tiketi nimo. Jumatatu tunaingia asubuhi, tunatoka jioni. Anayetaka kutupeleka kufulia atupeleke wote, mashuka yatang'aa mpaka yaumize macho.

Kuhusu yale magunia, mpishi na mtunza stoo wanaomba ieleweke kwamba walinisikiliza mimi, na atakayeulizwa ni mimi. Ndugu wageni waalikwa, mahindi mnayotafuna sasa hivi ndiyo hayo. Yamechemshwa yote, halikubaki hata gunia moja. Meneja, tafadhali usione haya, sufuria bado imejaa, ongeza sahani.

Asante, Mama Taratibu, dada yetu mkubwa, kwa kutufundisha kukaa mahali tukatetemeka na bado tusihame. Tunakuombea afya, amani ya nyumbani, na usingizi mzito Jumatatu asubuhi. Lala tu. Sisi tutakuwa korongoni.