Kificho bin Jaribu na Viatu vya Theluji

Bismillahi Rahmani Rahimi. Mashehe, wazee wangu, kina mama mlioko uani, jirani zetu wa Vitongoji na nyinyi mliotoka Pujini, Wingwi na Chake, asalamu alaykum. Mimi ni Mmanga bin Jaribu, mdogo wake marehemu Kificho, tumbo moja, nami nimeambiwa baada ya khitma hii nisome historia ya kaka yangu, jambo ambalo kwetu halijazoeleka, lakini mwanawe Safari, aliyesoma skuli, ameniandikia vichwa saba katika karatasi, kuzaliwa, kusoma, kazi, ndoa, watoto, maradhi na kifo, akataka kila kimoja kiwe na tarehe yake, na tarehe kichwani mwangu zimechanganyika, basi mnistahamilie.

Liko na la nane ambalo Safari hakuliandika. Tangu mwaka 1937 marehemu akiitwa Fundi Ziba, kwa sababu ya viatu vya Mzungu vilivyoharibiwa visigino kwa kuzibwa, na yeye aliapa kwa msahafu, mchana wa Ramadhani, kwamba mkono ulioziba ni wake. Mkono ulioziba ulikuwa wangu. Kwa miaka kumi na moja sikuwaambia, na kwa miaka hiyo yote nimejiuliza kama kaka yangu, ambaye hata mtoto hamdanganyi ili anywe uji, ataingia kaburini na kiapo cha uongo kwa ajili yangu, na leo ameshaingia.

Marehemu alizaliwa Pujini tarehe 14 Mei 1906, kwa mujibu wa daftari la skuli, ila mama yetu akisema alizaliwa mwaka wa ndui, ambao mimi nikihesabu naupata 1909, na mimi niliyemfuata kwa miaka mitatu nimeandikwa 1908, kwa hiyo ama daftari limekosea ama mama, na mama sipendi kumkosoa. Mwaka 1913 alitiwa chuoni kwa Mwalimu Hashil, hapo hapo Pujini, akahitimu mwaka 1918, kisha akasoma skuli Chake Chake miaka miwili, au mitatu, akaacha kwa sababu ya kutembea, maana alikuwa akifika miguu imechubuka, na nadhani huko ndiko alikojifunza kuuhurumia mguu wa mtu.

Tarehe 3 Februari 1923 aliingia kazini kwa Mzee Nabhan, fundi wa makubadhi Chake Chake, na mwaka 1929 akafungua kibaraza chake karibu na soko, mimi nikiwa msaidizi wake. Kushona walikuwapo wanaomshinda, nalisema mbele yake na hatakasirika, lakini kuutuliza mguu ulioumizwa na kiatu hakuna aliyemfikia, na askari polisi, makarani na matarishi wote waliovaa buti ngumu walikuja kwake wakichechemea. Mguu akiupima jioni, mtu amesimama wima, kwa kuwa asubuhi mguu huwa umenywea na humdanganya fundi, na kabla ya kukigusa kiatu akiuosha mguu wenyewe kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, yeye kwa mikono yake, awe ni mguu wa nani.

Ijumaa tarehe 21 Agosti 1931 alimuoa Bi Mwanabaraka, hapa Vitongoji, wakajaaliwa watoto watatu, Safari, aliyezaliwa 1932, Mwatima, 1934 au 1935, mwenyewe yuko ndani mumuulize, na Siti, 1938.

Sasa nisome la viatu. Mwaka 1937 alikuwapo Bwana Halvor, mtu wa nchi za baridi, aliyekuja kutazama maradhi ya mikarafuu, naye alikuwa na viatu vya ngozi nene mno, soli ya mraba mbele, ambavyo kwao huvivaa wakajifunga mbao mbili ndefu chini ya miguu wakateleza juu ya theluji, na mimi mpaka leo sijaelewa kwa nini mtu mzima ateleze kwa makusudi. Alikuwa anarudi kwao, akataka vilainike kabla hajafika, akawa anavivaa akizunguka mashamba ya Wingwi, mpaka mfupa wa kifundo ukachubuka, vidole vikafa ganzi, akaletwa kibarazani kwetu amepanda punda, viatu kavishika mkononi.

Kaka alivijaza choroko kavu akazimwagia maji, zikavimba taratibu na kuitanua ngozi pale penye vidole, akaikanda kwa mafuta ya nazi, akashona kijiduara cha sufi kikae kuuzunguka mfupa wa kifundo, ili kiatu kibane pembeni na kidonda kisiguswe, akamwambia avae soksi moja nyembamba badala ya mbili nene, na kamba azilegeze juu ya wayo, akaze kifundoni tu. Siku ya nne Bwana Halvor alitembea mpaka sokoni na kurudi, akacheka peke yake njiani, watu wakamshangaa.

Alhamisi tarehe 11 Novemba kaka alikwenda Vitongoji kumtazama mkwewe aliyekuwa mgonjwa, akaniacha nivipake viatu mafuta vichukuliwe Jumamosi. Nikaona kila kisigino kimezungukwa na mfereji. Kwetu sisi kisigino chenye mfereji ni kisigino kilicholiwa, nikadhani kamba imekikata, nikasema moyoni, kaka kasahau, nami nitamfurahisha. Nikachukua kisigino cha kushoto, nikauziba mfereji kwa ngozi, gundi na misumari, kazi safi, naapa sijawahi kushona safi kama siku ile, kisha misumari ikaniishia, na papo hapo nikaletewa habari kwamba mke wangu ameshikwa na uchungu Wingwi, nikaondoka alasiri.

Nilikaa Wingwi siku kumi, na niliporudi nilikuta kibaraza kimefungwa. Kumbe mfereji ule ndio wenye kushika kamba ya chuma inayofunga kiatu na mbao, Bwana Halvor alimueleza kaka siku ambayo mimi sikuwapo, na bila ya mfereji viatu havifai kitu. Walinihadithia kwamba Jumamosi kaka aliitwa mbele ya bwana mkubwa mmoja wa serikali, na kwa kuwa mtu mmoja alisema aliniona mimi nikigongomea, kaka akaletewa msahafu, akaapa akiwa amefunga kwamba kisigino amekiziba yeye kwa mkono wake. Akakatazwa kushona tena kiatu cha askari au karani yeyote, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yetu kubwa. Akahamia huku kwa wakweze, akawa anazunguka na kikapu cha makubadhi, na watoto nyuma yake wakimwita Ziba. Nilinyamaza. Niliona haya, na haya ikawa kubwa kila mwaka.

Januari 1948 alianza kuvimba miguu, daktari akasema ni moyo, na hapakuwa na kiatu kilichomwingia, nikamshonea ndara laini na kumkanda kila siku kama alivyowakanda wengine. Mara tatu nilitaka kumwambia, na mara zote tatu alinikatiza, akasema, "Mmanga, nipake mafuta, hayo yashapita." Alifariki Jumanne tarehe 8 Machi 1949, baada ya alasiri, tukamzika Jumatano hapa hapa Vitongoji.

Kwa niaba ya familia namshukuru daktari na wauguzi wa Chake, nawashukuru jirani waliochimba kaburi na kupika, nawashukuru mafundi wenzake waliofunga vibaraza vyao wakaja. Na namshukuru shemegi yangu Bi Mwanabaraka, aliye ndani edani, ambaye jana, nilipomwendea nyuma ya pazia nikamwambia ukweli nikilia, aliniuliza kwa upole, "Kwani wewe uliziba vingapi?"

Nikamwambia, kimoja, cha kushoto. Akaniambia kwamba kaka aliporudi siku ile alijaribu kuning'olea kazi yangu, kisigino kikaanza kupasuka, akaacha, na Ijumaa asubuhi akanunua misumari, akaketi akakiziba cha kulia, yeye anayejua kwamba kinaharibika, na mkewe alipomuuliza ana wazimu gani, akamjibu, "Nikiulizwa, niwe na la kuapia."

Hakuna aliyemuuliza cha mguu gani. Aliyoapa yalikuwa kweli, na sijui nicheke au nilie, wala sijui nitamlipa nini mtu aliyeharibu kazi yake njema kwa makusudi ili asiniseme na asiseme uongo. Mumwombee dua, na jina la Ziba mniite mimi.

Pumzika, kaka, kwa amani ya Mola wako. Cha kulia ni chako, na cha kushoto leo nimekichukua.