Arakaza Aja Benchini

Ukitoka stesheni ya Campbelltown, huku ughaibuni, ukafuata maegesho ya magari, utakuta duka la unga wa muhogo na dagaa, na mbele yake benchi lililowekwa kwa ajili ya watu wanaosubiri basi. Kituo cha basi kilihamishwa zamani, watu hawakuhama. Benchi lina sheria yake: hapa huitwi jina lako, unaitwa kazi uliyoiacha. Siméon, ambaye siku hizi anaogesha wazee wa Kizungu, ni Dereva, maana kabla ya vita aliendesha lori Burundi nzima. Honorine wa Uvira, mfunga maboksi ghalani, ni Mama Vitenge. Mwiti, mlinzi, ni Wakili, ingawa kule Meru alikuwa anapiga taipu nje ya mahakama, na hakuna anayemkumbusha. Asiyeacha kazi hakai. Ndiyo maana Arakaza, mtoto wa Siméon, mcheza raga wa kulipwa, miaka yote akipita hapa hunywa kahawa yake amesimama.

Jumanne hiyo kahawa ya Siméon ilikuwa na tangawizi ya kuchoma koo. Mkono ulimteleza, na wote walijua kwa nini. Arakaza alikuwa klabuni na mabosi wake: ama anatia saini mkataba mpya, ama anaacha raga. Msimu huu alikuwa amegongwa kichwa mara tatu, na mara ya mwisho aliamka uwanjani akimuuliza daktari mama yake yuko wapi. Mama yake walishamzika.

— Atasaini huyo, — Mwiti akasema. — Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu lake si liko sawa? Basi alisikia!

— Na kichwa je? — Siméon akauliza.

— Kichwa hakiko kwenye methali, Dereva.

Honorine akagawa mandazi.

— Miye nawaambia, bale bazungu banamuficha tu. Banasema mgonjwa, kumbe banamuweka kwa ajili ya fainali.

— Fainali gani, Mama Vitenge? Timu inashika mkia!

— Ndiyo sababu banamuficha!

— Wueh! — Mwiti akaweka kikombe chini. — Ukweli ninao mimi. Waingereza wanamtaka. Wakimkosa, Wafaransa. Wafaransa wakimkosa, Burundi inamwita awe waziri wa michezo.

— Burundi hawaijui raga hii, — Siméon akasema.

— Si ndiyo maana wanahitaji waziri? Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Siméon akacheka, maana angefanyaje? Walimpenda mtoto wake hawa. Arakaza akifunga, ghalani kwa Honorine hata meneja anakoma. Lakini hakuna aliyemuuliza Dereva anataka nini yeye. Alitaka mtoto aache. Alitaka hivyo na akajionea haya, kwa sababu alijua mtu anayenyang'anywa kazi yake anabaki na nini.

Akakumbuka mechi ya kwanza, Arakaza bado yuko shule. Siméon hakujua kwamba katika raga mpira unarushwa nyuma tu. Alimwona mwanawe anakimbia, majitu yanamjia, naye badala ya kusonga mbele anaurusha mpira nyuma. Siméon akasimama katikati ya wazazi wa watu, akapiga kelele: “Usirudi nyuma! Sisi tumesharudi nyuma vya kutosha!” Uwanja mzima ukageuka. Arakaza aliporudishiwa mpira alicheka mpaka akaudondosha. Njiani ndipo akamweleza: unarusha nyuma, baba, kwa sababu kuna mwenzako anakuja nyuma yako.

— Huyo anakuja! — Honorine akanong'ona.

Arakaza alikuwa anavuka barabara. Siku zote humwoni bila jezi ya mazoezi ya klabu. Leo amevaa shati, kama mtu anayekwenda kanisani.

— Shikamoo baba. Shikamooni.

Wakaitikia, wakatazamana. Kijana huyu Kiswahili anakisikia vizuri, lakini kujibu hujibu Kiingereza.

— Wamekupa mkataba? — Mwiti akauliza.

— Waliuweka mezani. Sikusaini. — Alikuwa anayatafuta maneno mojamoja. — Nimewaambia basi. Kichwa kimechoka.

Honorine akajishika mdomo. Siméon alisikia furaha imempanda mpaka machoni, na nyuma ya furaha huruma, kwa sababu mtoto alikuwa bado amesimama na mikono yake haijui pa kukaa.

— Nyinyi wote mliacha kazi zenu, — Arakaza akasema. — Asubuhi ya kwanza mlifanya nini?

Lo! Benchi lile lenye jibu la kila jambo, kuanzia bei ya mafuta hadi siri za marais! Mwiti akaangalia viatu vyake. Honorine akaanza kukunja karatasi ya mandazi. Siméon aliiona asubuhi yake, kambini, ameamka anapapasa kiunoni kutafuta funguo za lori, halafu amelala tena, amegeukia ukuta.

Akainua chupa ya kahawa, akaitikisa. Tupu. Akachukua kikombe chake mwenyewe, kilichobaki nusu, akakiweka kwenye mikono ya mwanawe. Kisha akasogea, na Honorine akasogea, na Mwiti akabaki na nusu kalio nje ya benchi asilalamike.

— Kaa, mwanangu.

Arakaza akakaa. Mwiti akafungua mdomo, ile sheria ya majina ikiwa imemfika ulimini; Honorine akamfinya.

— Asubuhi ile hakuja mtu, — Siméon akasema. — Kesho nitakuja mimi. Na kahawa.

Arakaza akanywa funda moja.

— Saa ngapi, baba?

— Kabla hujaamka.